Kitanda cha Ishirini na Tano

Nikiisimulia habari hii pale Adams, kwenye duka ninakonunua paipu, watu hucheka kwanza, kisha huniuliza, "Mzee Ephantus, leo umeamka na uongo gani?" Basi nimeamua kuiandika. Hata wewe hutaiamini, najua, wala sikulaumu. Ni habari ya mgonjwa aliyelazwa siku tisa kwenye kitanda ambacho hakikuwepo, akaletewa chakula mara tatu kwa siku, sahani ikarudi jikoni tupu, na siku alipotafutwa ili aonekane kwa macho, akapatikana amesimama wima, amevaa unifomu, kalamu sikioni.

Mgonjwa huyo anaitwa Wangu. Ni binti wa dada yangu Ciru wa Kinoo, kwa hiyo Wangu ni wangu. Ukiona mzaha huo umechacha, jua nimeurudia miaka thelathini na sita, na kila mara yeye hunijibu, "Wako nani?" Sasa hivi ninaandika nikiwa mezani kwake, yeye yuko jikoni anakaanga sukuma wiki, na ameniambia nikimaliza atasoma. Asome. Mimi siogopi mtu niliyembeba mgongoni.

Wangu ni mfupi na anatembea kama mtu aliyeitwa. Ni muuguzi, miaka kumi na miwili sasa, na ndiye mkubwa wa wodi ya wanaume yenye vitanda ishirini na vinne, katika hospitali isiyo mbali na hapo Adams. Jina la hospitali silitaji kwa sababu bado nadungwa sindano huko, na mtu hamtukani anayeshika sindano.

Kazi hiyo hakuianza chuoni. Alipokuwa na miaka saba, Ciru akirudi kutoka sokoni jioni, mtoto alimngoja langoni na kumpa ripoti ya boma zima: ng'ombe mweusi amekula, hajanywa, kuku mmoja anachechemea, mbuzi amekohoa mara mbili, Anko Ephantus amekuja, amekula, na anataka kula tena. Hakuna kilichomponyoka. Alipoenda chuo cha uuguzi, mwalimu wao aliwapa amri moja ambayo Wangu aliishika kuliko dawa zote: sista halii mbele ya mgonjwa. Kumbuka amri hiyo, kwa maana ndiyo iliyoniponza mimi na spana yangu.

Nilifikaje wodini? Nilikuwa nafunga tangi la maji kwa Bwana Alkarim, kule Spring Valley, nikaanguka kutoka orofa ya nne. Wangu anasema si orofa ya nne, ni kidato cha nne cha ngazi. Haya, tuseme kidato. Mimi niliyeachia shule darasa la saba, hiyo ndiyo mara pekee maishani nimefika kidato cha nne, na umeona nilivyofuzu. Mguu ukavunjika, kidonda kikakataa kupona, nikawekwa kitanda cha nane.

Kitanda cha tisa alilala Mzee Pritam, Singasinga mwenye ndevu nyeupe, fundi wa samani aliyestaafu. Ini lilikuwa limemchoka, lakini ulimi ulikuwa haujapata habari. Siku ya kwanza tu alinitazama mguu, akaniuliza, "Wewe ni fundi ya maji ama fundi ya kuanguka?"

"Na wewe ni fundi wa viti, mbona umelala?" nikamjibu. Tukawa marafiki hapo hapo.

Mikono ya mzee ilitetemeka, hakuweza tena kujifunga kilemba. Basi Wangu akajifunza. Mzee alimwelekeza kila asubuhi, "Vuta, beti, vuta, hii si kufunga mguu ya Ephantus!" Beti kwao ni binti. Juma la kwanza kilemba kilitoka kama kiota cha kunguru. Juma la tatu, hata mwanawe mzee alipokuja kumwona aliuliza ni nani wa kwao aliyekuwa amepita.

Sasa nikwambie kitu nilichoanza kukiona wodini humo. Wauguzi walikuwa na mfereji mbovu wa sinki. Kila saa utamsikia mmoja, "Naenda kuangalia mfereji." Sista Kanyiva, mama mmoja wa Kikamba mpana kama mlango wa benki, anatoka kumfariji mjane, anasema, "Ngoja niangalie mfereji." Haron, kijana wa miaka ishirini na saba mwenye mabega ya kubeba jiko la gesi, anatukanwa na jamaa za wagonjwa, anasema, "Mfereji, dakika mbili." Wanaingia kile chumba cha nyuma cha kuoshea vyombo vya wagonjwa, maji yanasikika yakimwagika kwa nguvu, wanatoka macho mekundu. Nami nimelala pale, fundi wa maji wa miaka thelathini, nasikia maji ya watu yakipotea! Niliumia. Nilitaka kujua ni fundi gani mlevi aliyefunga mfereji usiotengenezeka.

Mzee Pritam alifariki Jumatano, saa nne asubuhi. Wangu alikuwa amemshika mkono. Akamfumba macho, akamwosha pamoja na Haron, akamfunga kilemba mara ya mwisho, taratibu, kama mtu aliye na siku nzima. Kumbe hakuwa na siku nzima. Kitanda kilikuwa kimeshaitishwa. Nusu saa haikuisha, shuka safi zimetandikwa na mgeni amelazwa, kijana wa pikipiki mwenye mkono uliovunjika, anauliza kama kuna mahali pa kuchajia simu.

"Habari ya asubuhi, sista?" kijana akamwambia Wangu.

"Nzuri sana," Wangu akasema. Kisha akamgeukia Haron. "Naenda kuangalia mfereji."

Hapo mimi nikasema imetosha. Chini ya mto nilikuwa na spana, usiniulize iliingiaje. Nikachukua magongo, nikajikokota hadi chumba cha nyuma, nikasukuma mlango. Maji yalikuwa yamefunguliwa mpaka mwisho. Wangu amesimama mbele ya sinki, mikono miwili kwenye maji, anatazama ukuta. Nikaufunga mfereji. Ukafungika bila kudondosha tone. Nikaufungua. Ukafunguka kama siagi. Raba mpya kabisa.

"Huu mfereji ni mzima," nikasema, nimekasirika kweli.

Hakugeuka. "Anko, nani amekuambia ushuke kitandani?"

"Kila siku mfereji, mfereji! Nimekuja kuutengeneza."

"Na spana umetoa wapi kwa wodi yangu?"

"Wacha ya spana. Mbona mnadanganya watu mfereji umeharibika?"

Ndipo akanigeukia. Macho yake hayakuwa mekundu. Yalikuwa makavu kama saruji ya juzi. "Anko," akasema, "mfereji ni wa kulilia. Ukifungua maji mengi, nje hawasikii. Kila mtu hapa anajua, isipokuwa wewe."

Jamani, niliona haya. Majuma matatu nimewalaumu mafundi wenzangu.

"Basi lia," nikamwambia. "Mimi nitatazama kule."

"Hayatoki." Akafungua mikono yake ikachuruza maji. "Huyu kijana ameniuliza habari ya asubuhi, nikamwambia nzuri sana. Na sikuwa nadanganya, Anko. Nilijitafuta ndani nikaona hakuna kitu. Ni kama nimemzika mtu niliyemfunga kilemba wiki tatu, na sikusikia hata baridi. Si kulia kunakoniogopesha. Ni huku kutolia."

Akatafuta kitambaa mfukoni, bahasha ikaanguka kwenye maji ya sakafuni. Nikaiokota kabla hajainama. Kizungu changu ni cha risiti za paipu, lakini barua ya kuacha kazi naijua kwa lugha yoyote, maana huwa fupi na ina adabu kupita kiasi. Ilikuwa imeandikwa tarehe ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Siku tisa mbele.

"Ciru anajua?"

"Hajui mtu. Na wewe hujui."

Watu husema mganga hajigangi. Mimi nasema waliosema hivyo walimtazama mganga akianguka, hawakumshika, wakaenda kutunga methali. Nikamwambia kwa ufundi wangu: tangi lolote la maji lina paipu ndogo juu, ya kumwagia maji yakizidi. Fundi mjinga huiziba kwa sababu haipendezi. Tangi linakaa zuri, linakaa zuri, kisha siku moja ukuta unapasuka na nyumba nzima inaogelea.

"Anko," Wangu akasema, "usinifundishe na mfano wa tangi, wewe uliyeanguka kutoka kwa tangi."

Na akacheka. Akacheka mpaka akashika sinki, na nadhani chozi moja lilitoka, ingawa yeye anasema ni maji ya mfereji. Alinirudisha kitandani kwa kunisukuma kama kitoroli, akanipima presha, joto na mapigo, akaandika.

"Unanipima mara ngapi kwa siku?" nikamuuliza.

"Mara nne."

"Na wewe nani anakupima?"

Akaacha kuandika. Akaondoka na spana yangu, na sijaiona mpaka leo.

Wale wasiojua kazi ya wodini, hebu niwaeleze kuhusu ripoti. Shifti moja ikitoka na nyingine ikiingia, wauguzi wote hutembea kitanda hadi kitanda, na anayetoka anamwambia anayeingia hali ya kila mgonjwa: jina, umri, amekula, hajala, amelala, nini kinamsumbua. Anayeingia anasema, "Nimepokea." Neno hilo ni zito. Ukishalisema, mgonjwa ni wako, na akianguka ni wewe utakayeulizwa.

Jumatano hiyo hiyo, saa kumi na mbili unusu jioni, jua bado liko dirishani, Wangu alimpa Kanyiva ripoti. Kitanda cha kwanza, cha pili, akafika kwangu: "Ephantus, miaka sitini na miwili, alitoroka kitandani akiwa na silaha." Akaendelea hadi cha ishirini na nne. Hapo wodi inaisha. Kuna ukuta, kiti kimoja cha plastiki na ndoo. Kanyiva akafunga kitabu. Wangu hakuondoka. Akasimama kando ya kile kiti.

"Kitanda cha ishirini na tano," akasema.

Haron akatazama ukuta. "Sista, hapo hakuna kitanda."

"Kipo. Wangu, mwanamke, miaka thelathini na sita. Leo amefiwa na mgonjwa wa kitanda cha tisa. Hajala tangu chai ya asubuhi. Anasema hasikii kitu."

Redio ya kitanda cha tano ikapunguzwa. Kanyiva alimtazama mkubwa wake, kisha akafungua tena kile kitabu, akaandika mstari, polepole.

"Nimepokea," akasema. Akamshika mkono, akamkalisha kwenye kile kiti, akatoa chapati kwenye mkoba wake. "Kula mbele yangu. Mgonjwa wangu hatoki hapa bila kula."

Hivyo ndivyo kilivyoanza. Asubuhi, Kanyiva alipokuwa anatoa ripoti yake, alipofika ukutani akajivuta akasimama kando ya kiti: "Kanyiva, miaka arobaini na mmoja. Mtoto wake ana mtihani na hajamwona siku tatu. Mgongo unauma. Amekasirikia mgonjwa wa kitanda cha kumi na sita na anaona haya." Wangu akasema, "Nimepokea," na siku hiyo kitanda cha kumi na sita akakishughulikia mwenyewe.

Haron aligoma. Alisema yeye yuko sawa, hayo ni ya akina mama. Wakamwacha. Jumamosi alifika ukutani, akakohoa, akatazama ndoo. "Haron, miaka ishirini na saba. Mama wa mgonjwa wa kitanda cha pili amemwambia mikono yake ni ya muuaji. Anasema hana neno." Akaisukuma ndoo kwa mguu. "Ana neno."

"Tumepokea," wakasema wote wawili, na Kanyiva akampiga mgongoni kofi ambalo mimi nikiwa kitanda cha nane lilinitikisa plasta.

Hakuna dawa iliyoandikwa hapo, usidhani. Marehemu hawakufufuka, na jamaa wa wagonjwa hawakujifunza adabu. Lakini safari za mfereji zilipungua, nami nilikuwa nazihesabu, kwa sababu fundi akishajua bomba haliachi. Siku ya tatu Wangu alimlilia Mzee Pritam, mchana peupe, kwenye kile kiti cha plastiki, Kanyiva akiwa amemkinga kwa upana wake. Alilia vizuri, kwa sauti. Kijana wa pikipiki akauliza kama sista anaumwa. Nikamwambia, "Anapona. Chaji simu."

Tena Kanyiva aliandika kitabuni: mgonjwa asishinde ndani siku ya mapumziko akitazama dari. Basi Jumapili Wangu alienda kanisani na Ciru, na Jumatatu, aliyokuwa na mapumziko, akaenda mjini, akatembea kwa miguu barabara nzima ya Biashara, akaingia kwenye duka la vitambaa la dada mmoja anaitwa Reshma, akaomba rangi yoyote isiyo ya hospitali. Isiwe nyeupe, isiwe buluu, isiwe kijani. Akaondoka na kitambaa cha manjano kinachoumiza macho. Alikuja kunionyesha wodini. Nilimwambia anafanana na embe bivu. Akaniambia nami nafanana na kokwa lililonyonywa. Nikajua damu imeanza kutembea.

Sasa, dhambi yangu.

Mistari ile ilikuwa inaandikwa kwenye kitabu cha wodi, na kitabu cha wodi ndicho jikoni husoma ili wajue walete sahani ngapi. Nzuki wa jikoni, mtu mwenye roho nzuri na haraka nyingi, Alhamisi asubuhi alisoma: kitanda cha ishirini na tano, hajala. Moyo ukamuuma. Mchana akaja na toroli lake akihesabu vitanda, akafika ukutani, akarudi akihesabu tena.

"Mzee, ishirini na tano ni gani?"

Ningeweza kumweleza. Nilifungua mdomo nimweleze. Lakini niliona sahani: wali, maharagwe, kipande cha nyama kisicho na mfupa. Mdomo ukasema wenyewe, "Ameenda eksrei. Acha hapa, nitamwekea."

Siku tisa. Asubuhi uji, mchana wali, jioni ugali. Nzuki aliniuliza, "Huyu mgonjwa eksrei haiishi?" Nikamwambia mifupa yake ni mingi. Haron akanitazama siku moja akasema, "Mzee, wewe ndiye mgonjwa wa kwanza nimeona akinenepa kwa kidonda." Wauguzi hawakujua lolote, maana wakati wa chakula wao ndio hukimbia zaidi. Nami sikujua kwamba jikoni nao wanapeleka hesabu yao juu kwa metroni.

Metroni Debra ndiye mkubwa wa wauguzi wote hospitalini. Mrefu, miwani yenye mnyororo, viatu visivyolia. Ijumaa ile ya mwisho wa mwezi, saa moja unusu asubuhi, wauguzi wakiwa katikati ya ripoti, akaingia na kitabu cha wodi kwapani. Hata waliokuwa wakikohoa waliahirisha.

"Sista Wangu," akasema, "wodi yako ina vitanda ishirini na vinne. Wagonjwa wako wanaokula ni ishirini na watano. Nimemsoma huyu wa ishirini na tano. Jumatano ni mwanamke wa miaka thelathini na sita. Alhamisi ana miaka arobaini na mmoja na mtoto wa mtihani. Jumamosi amekuwa mwanamume. Hii ni wodi ya wanaume. Naomba kumwona."

Haron akatazama viatu vyake. Kanyiva akafumba macho. Na mimi niliona mkono wa Wangu ukiingia mfukoni, pale palipo na bahasha. Siku yenyewe ilikuwa hiyo. Alichohitaji ni kuutoa mkono na kunyoosha. Hakuna ambaye angemlaumu: umeshachoka, halafu unaitwa mwizi wa maharagwe. Nikawaza, Ephantus, mtoto huyu ataacha kazi aliyoanza na mbuzi wa mama yake, na aliyemsukuma ni tumbo lako.

Nikashika magongo nikainuka. "Metroni, chakula nimekula mimi. Chote. Lakini mgonjwa yupo, naapa."

"Keti, mzee."

Nikaketi.

Mkono wa Wangu ukatoka mfukoni mtupu. Akatembea mpaka ukutani, akasimama kando ya kiti cha plastiki, mgongo umenyooka, akatoa ripoti kama anavyoitoa siku zote, bila kupandisha sauti.

"Kitanda cha ishirini na tano, Metroni. Wangu, mwanamke, miaka thelathini na sita. Leo ni siku ya tisa. Alipokelewa akiwa hasikii kitu baada ya kifo cha mgonjwa wa kitanda cha tisa. Siku ya tatu alilia, mbele ya mwenzake. Anakula. Usingizi bado si mzuri. Akitandika kitanda cha tisa mikono inakufa ganzi. Ana barua ya kuacha kazi mfukoni, ya tarehe ya leo. Hajaamua."

Nimesikia hotuba nyingi, za kanisani, za siasa, za matanga. Hakuna iliyonishika namna hiyo. Kanyiva ndiye aliyethubutu. "Nimepokea," akasema, akimtazama metroni usoni.

Metroni Debra alivua miwani ikaning'inia. Nilidhani atafoka. Nilidhani pia, nakiri, kwamba atalia. Hakufanya lolote.

"Umeniripotia hali," akasema. "Hatua iko wapi?"

"Metroni?"

"Mimi nilikupokea hapa ukiwa hujui kushika kipimajoto. Nilikufundisha ripoti bila hatua ni umbea. Mgonjwa hasinzii, mmefanya nini? Mikono inakufa ganzi kwenye kitanda cha tisa, nani amebadilishana naye? Nyinyi mmekaa siku tisa mnapokea tu, mnapokea tu. Sista Kanyiva, kalamu."

Akaketi kwenye kile kiti cha plastiki, metroni mzima, kando ya ndoo, akaanza kuwaamuru. Kitanda cha ishirini na tano kiwe na kitabu chake, kisichopita jikoni. Kila mstari uwe na hatua na jina la mwenye kuitimiza. Mgonjwa akifa, aliyemwosha asikitandike kitanda hicho. Atandike mwingine, naye atoke nje kwenye jua robo saa, na robo saa hiyo ni kazi, si hisani. Usingizi ukikataa wiki mbili, aende kwa mshauri nasaha kule ghorofa ya pili, kwa jina lake, bila kujificha.

"Na mzee huyu," akasema akininyooshea miwani, "aanze kutembea leo. Anayemaliza sahani mbili si mgonjwa."

Alipofika mlangoni akageuka. "Sista Wangu, ukiniletea hiyo barua, nitaipokea. Lakini nataka iletwe na mtu aliyelala. Kwa hiyo si leo."

Akaenda zake, viatu visisikike. Na hapo, msomaji, ndipo lilipotokea lile nililokuahidi hutaamini. Wangu akaitoa ile bahasha, akaichana mbele ya macho yetu vipande mia moja na hamsini, akavirusha juu vikaanguka kama maua ya jakaranda, na wagonjwa wote ishirini na wanne, hata wa dripu, hata kijana wa pikipiki, wakasimama kwa miguu yao wakapiga makofi mpaka yakasikika Spring Valley, na metroni akarudi mbio akanishika mikono yote miwili akasema, Mzee Ephantus, bila wewe na spana yako hospitali hii leo ingekuwa—

"Ingekuwa nini, Anko? Endelea, nasoma," anasema Wangu, amesimama nyuma yangu na mwiko mkononi. "Sikuichana. Iko hapo kwenye droo, chini ya vijiko, na kesho niko shifti ya asubuhi. Andika hivyo."